Jiwe kwenye Mlango wa Nungunungu

Shimo la nungunungu halina mlango mmoja. Lina mitatu, lina minne, na huko Kiambere niliwahi kuona moja lenye sita, limepita chini ya mizizi ya mgunga mpaka kwenye korongo. Elimu hii sikuipata darasani. Darasani mimi nilifika la sita nikatoka, na baadhi ya wale walioendelea mpaka mwisho ndio leo wananipigia simu niwatafutie kibarua. Sisemi hivyo kwa majivuno. Basi, nasema kwa majivuno, lakini ni kweli.

Nilianza na mkokoteni Embu mjini. Kutoka mkokoteni nikaingia kwenye muguka, yale majani ya kutafuna, nikawa nafunga na kusafirisha, nikapata pikipiki, kisha gari, kisha kiwanja Nchiru, na juu ya kile kiwanja leo kuna vyumba vya kupangisha wanafunzi wa chuo, orofa mbili, maji ndani. Mke wangu ana kibanda cha chapati na maharagwe hapo mbele. Hakuna mtu aliyenishika mkono, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja ni mjomba wangu, kaka yake mama. Alizaliwa kule chini Kiambere, akalelewa na watu waliokula porini kila mvua ilipokataa, na alipopata mke akapanda juu akaishi Kanja, kwenye majani chai na nduma na baridi. Kazi yake ni kutega fuko. Kama kwenu hakuna fuko, ni yule mnyama wa chini ya udongo anayekata mizizi, ukiamka unakuta mgomba umelala. Mwenye shamba anamwita mjomba, mjomba anakuja na fimbo zake za kupinda, uzi, na mguu wake mmoja mbovu, anatega, na kabla jua halijawa kali anakuletea fuko amekufa, umwone, kisha anamzika. Hatii kitu tumboni asubuhi kabla hajakagua mitego yote. Anasema huwezi kukaa unakunywa chai na kuna mtu amenyongwa nusu anakungoja. Anasema "mtu". Wanyama wote kwake ni watu. Huyu mtu, yule mtu, mama wa watu.

Kwa nungunungu alikuwa na sharti lingine. Nungunungu hamuui, anamhamisha. Anatafuta milango yote ya shimo, anaziba kwa udongo na majani ya migomba, anaacha miwili. Mmoja ni wa moshi: kopo lililotobolewa, mavi makavu ya ng'ombe, pilipili kavu juu yake, unapepea. Wa pili ni ule unaoelekea mbali na shamba, bondeni au porini. Huo hauguswi. Hata kusimama karibu nao hukubaliwi. Yule mtu anakohoa, anakusanya watoto wake kama anao, anatoka na njia yake, na kwa sababu shimo linanuka pilipili msimu mzima, harudi. Mwenye shamba anavuna viazi vyake. Nilipokuwa kijana na siku mbili sijala nilimwuliza kwa nini tusimpige tu, nyama yake si ni tamu? Akanijibu, "Nimemla sana, najua utamu wake. Lakini ukiziba yote, umemzika mtu akiwa hai."

Nilimsikia. Na nilimwelewa. Hilo liwe wazi, maana huku mbele kuna mahali ningeweza kujisingizia ujinga, na mimi mjinga sijawahi kuwa.

Mambo ya video yalianza kwa mchezo. Mke wangu ana mkono mwepesi wa simu, alijifunza kwa wale wanafunzi wanaokula kwake. Siku moja tulimtembelea mjomba, akampiga picha akitega fuko, dakika tatu tu, akaziweka mtandaoni. Kufika jioni watu walikuwa wameitazama kuliko watu wote ninaowajua nikiwajumlisha na maadui. Wengine wako ng'ambo, wanaandika lugha hatuzijui. Mimi pesa huwa nainusa kabla haijafika. Nikamwambia mke wangu, hapa kuna kazi.

Nikafungua ukurasa. Nikaupa jina la mnyama mkali, sitalitaja. Nikanunua buti za ngozi nyekundu, za kufunga kamba mpaka juu, zilizotoka kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama, kofia pana, na kitambaa cha kufunika uso mpaka chini ya macho. Kwa watazamaji nilisema ndio mtindo wa watu wa porini. Sababu yenyewe ni kwamba nilijua vizuri kuwinda Kenya ni hatia, na nilijua kuna mahali tunaelekea ambako uso wangu nisingetaka uonekane. Mjomba hakufunika uso. Alisema kitambaa kinamnyima hewa.

Fuko akaisha utamu. Mtazamaji ni kama mla muguka, ile ya jana leo haimtoshi. Tukaonyesha sungura akikimbizwa na mbwa. Huyo sungura, sasa naweza kusema, nilikuwa nimemnunua kwa mfugaji nikamfunga mguuni uzi usioonekana. Wakapenda. Tukaonyesha kanga "wa porini" niliyempata sokoni Embu. Wakapenda zaidi. Nikajenga orofa ya pili. Nikanunua tangi. Halafu wakaanza kuandika maneno ya dharau: huyu anaokota vidogo, huyu hana moyo, onyesha mnyama mwenye silaha. Mimi mtu akiniambia sina moyo silali.

Ndipo mjomba akapiga simu. Kulikuwa na cucu mmoja huko Kanja, mjane, tunawaita cucu akina nyanya wote wa umri ule. Nungunungu alikuwa amemaliza viazi vitamu vyake na ameanza nduma. Mguu wa mjomba ulikuwa umevimba, akataka nimpeleke kwa gari na nimsaidie kuziba. Nikamwambia nitakuja na mama watoto na simu. Akasema, "Leteni hata redio."

Tulifika asubuhi, umande bado. Shimo lilikuwa kwenye kingo nyuma ya jiko la cucu, na ukuta wa lile jiko ulikuwa wa mabati yaliyopakwa rangi ya buluu nusu, rangi ikaisha. Milango ilikuwa minne. Mjomba akaeleza mbele ya simu kama mwalimu, na fimbo yake anaonyesha.

"Kopo weka hapa. Ziba pale, ziba pale. Sukuma majani mpaka ndani, usione aibu. Ule wa kule bondeni acha. Huo ni wake. Anatoka aende zake, hakuna mtu anamfuata."

Mke wangu akauliza kutoka nyuma ya simu, "Na asipotaka kutoka, mjomba?"

"Atataka. Hata mimi siku dada yangu, mama yake huyu, alinifukuza jikoni na mwiko, nilikuwa nimekula nyama ya wageni, aliniachia mlango. Angefunga ule mlango ningemuuma!"

Akacheka. Mjomba akicheka hucheka na mwili mzima, anashika goti, meno mawili yaliyobaki yanaonekana. Ni kicheko kirefu. Kumbukeni hicho kicheko.

Cucu akaita kutoka jikoni kwamba chai iko tayari, na mguu usikae kwenye baridi. Mjomba akaniambia, "Washa, pepea polepole, mimi naenda kumsalimia huyu asije akasema nimemdharau." Akaenda akichechemea. Nikabaki na mke wangu na shimo.

Nilisimama nikatazama ule mlango wa bondeni. Ulikuwa mbali, kwenye majani marefu, nyuma ya mgomba. Akitoka huko simu itaona nini? Itaona majani yakitikisika. Watu wataandika, huyu hana moyo. Kulikuwa na jiwe la kusagia pilipili la zamani, bapa, limetupwa karibu na mfereji. Nikalibeba kwa mikono miwili, nikalilaza kwenye mlango wa bondeni, nikakanyaga kando kwa buti zangu nyekundu mpaka likakaa.

Mke wangu alisema, "Mzee, si amesema..."

"Wewe shika simu."

Nikahamisha kopo kwenye mlango wa pembeni, nikafungua ule wa mbele, pale pazuri, jua likiwa nyuma yetu. Nikapepea, si polepole. Nikasimama na panga.

Alitoka akiwa kipofu wa moshi. Sitaeleza sana. Watu wengi wameshaona, ndiyo aibu yenyewe, wameshaona mara nyingi kuliko nitakavyoweza kueleza. Alikuwa ameinua miiba yote, inalia kama njugu kwenye debe, na hakunijia mimi. Hilo sikulionyesha. Alitoka, akageuka, akataka kurudi ndani. Nilidhani ni woga. Nilimpiga akiwa amenipa mgongo, na baadaye mke wangu akageuza zile picha ionekane alikuwa ananivamia.

Kulikuwa na sauti nyingine, ndogo, kutoka ndani. Nilijiambia ni moto kwenye kopo. Nikamwambia mke wangu azime. Nikaenda bondeni, nikaondoa jiwe nikalitupa kwenye mto wa huko chini, nikapiga magoti kuchungulia. Walikuwa wawili. Walikuwa wamefika karibu kabisa na lile jiwe, miiba yao bado laini, kama majani ya vitunguu. Nikasukuma udongo juu yao kwa mguu.

Mjomba alirudi anajifuta mdomo. Akamtazama yule nungunungu amelala, akainama kwa shida, akamgeuza tumbo kwa fimbo.

"Huyu ananyonyesha."

Nikafuta panga kwenye majani.

"Mlango wa bondeni ulikuwaje?"

"Ulikuwa wazi. Alichagua huku mwenyewe."

Akaenda mpaka kule bondeni. Nilimwona akisimama. Jiwe bapa likikaa juu ya umande linaacha alama, na mimi mwenye akili zangu zote sikuwaza hilo. Aliigusa ile alama kwa ncha ya fimbo, kama unavyogusa kidonda cha mtu, akarudi.  Nilipofungua mlango wa gari akasema atatembea. Na ule mguu, atatembea!

Tulimpika yule nungunungu kwingine, mbele ya simu, nikang'ata, nikasema ah, utamu huu. Simu ilipozimwa nikatema.

Sasa lile kosa ambalo kwangu ni kubwa kuliko panga. Wakati wa kuua, mtu anaweza kusema damu ilipanda. Lakini kukata na kuunga video ni kazi ya kukaa, na soda mkononi. Nilikaa kando ya mke wangu nikimwambia kata hapa, weka hapa. Maneno ya mjomba tuliyaacha mpaka "ziba pale, ziba pale". Yale ya mlango wa bondeni tukatupa. Na baada ya panga, palikuwa kimya kibaya, hapakuvutia. Nikasema, chukua kile kicheko.

"Kicheko cha jikoni?" mke wangu akauliza.

"Hicho. Kiweke hapo mwisho."

Kikakaa vizuri sana. Mzee anasema ziba, mnyama anatoka, anapigwa, na mzee anashika goti anacheka.

Nikamwambia afute zile picha za mwanzo zote. Akasema sawa.

Video hiyo ilizunguka dunia. Mimi sijawahi kupanda ndege, lakini hiyo ilipanda. Mwanzoni nilifurahi. Kisha nikaanza kusoma walichoandika, wale wanaoandika kwa lugha yetu. Hawakuniandika mimi. Mimi nilikuwa kitambaa na kofia. Waliandika, huyo mzee hana roho. Huyo mzee anacheka, aletewe na yeye moshi. Mmoja akaandika, naijua hiyo jiko ya buluu, hiyo ni Kanja.

Ndivyo askari wa wanyamapori walivyofika kwa cucu, na kutoka kwa cucu hadi kwa mjomba. Mjomba akanipigia simu. "Naitwa kwa ofisi ya chifu, kuna mambo ya yule mtu wa viazi. Njoo unisaidie kusema, wewe mdomo wako umezoea watu."

Nikaenda. Nilivaa vizuri, maana mimi siendi ofisi ya serikali kama mtu wa kuomba. Na nikavaa zile buti. Ndizo viatu vyangu vizuri, sikufikiri.

Ofisi ilikuwa na chifu, askari wawili, cucu kwenye kiti, mjomba kwenye benchi. Mimi nikasimama nyuma karibu na dirisha. Askari mmoja, mwanamke, akamshikia mjomba simu mbele ya uso. Mjomba hana simu ya picha. Alikuwa hajaiona. Mimi nilikuwa nimemwona akipigwa na maisha namna nyingi, sijawahi kumwona vile. Alijitazama akisema ziba pale. Alimtazama yule nungunungu akitoka. Alipojisikia akicheka, alifunga mdomo wake kwa kiganja, kana kwamba kicheko kilikuwa kinatoka wakati ule ule.

"Mzee, hiyo sauti ni yako?"

"Ni yangu."

"Na kicheko?"

Akashusha kiganja. "Kicheko pia ni changu."

Cucu akaruka. "Huyu alikuwa jikoni kwangu anakunywa chai! Vikombe viwili! Angechekea nini huko?"

"Cucu, ungoje. Yuko kwenye video, wewe unaona mwenyewe." Askari akamgeukia mjomba tena. "Huyu aliyefunika uso ni nani?"

Simu yangu ilikuwa mfukoni. Mdomo wangu, ule uliozoea watu, ulikuwa kichwani mwangu pamoja na meno yote. Mjomba hakugeuka kunitazama. Alitazama ukutani, palipokuwa na kalenda.

"Huyo simjui," akasema.

Ningependa kuandika kwamba alikuwa ananificha. Labda alikuwa ananificha. Lakini nilimsikia alivyosema, polepole, kama mtu aliyefikiri kwanza akaona ni kweli.

"Na wewe cucu, unamjua?"

 Cucu alikuwa ameinamisha kichwa, na macho yake yalikuwa kwenye buti zangu. Nikaweka mguu mmoja nyuma ya mwingine. Mwanamume wa umri wangu, mwenye jengo, nikaficha mguu nyuma ya mguu kama mtoto aliyekojoa.

"Macho yangu ni ya uzee," cucu akasema. "Aliye na macho mazuri aseme mwenyewe."

Palikuwa na nafasi hapo. Chifu hata alikohoa. Mimi nikatazama dirishani.

Wakampeleka mjomba Embu, seli. Alipanda lile gari kwa kujivuta, mguu ule, na ni askari aliyemshika mkono, si mimi.

Siku ya kwanza baada ya hapo nilijiambia natafuta wakili. Siku ya pili nilijiambia nikijitokeza sasa tutafungwa wote wawili, na nani atawalisha watu wangu, na wapangaji je. Niliyapanga vizuri maneno haya, yalisikika kama akili. Mchana wa siku hiyo ya pili nilikuwa kibandani kwa mke wangu, nakula, na wanafunzi wawili pale mezani walikuwa wanatazama ile video bila kujua walikuwa wanakaa na nani. Mmoja akasema, "Cheki huyo mbuyu, mzee mzima, anacheka. Hao ndio wachawi." Mwenzake akacheka.

Walipoondoka mke wangu akafuta meza. Akafuta mara ya pili, na haikuwa chafu.

"Umempata wakili?"

"Bado."

"Wa nani, huyo wakili? Wa mjomba ama wako?"

"Mama watoto, usinianze."

"Sikuanza mimi. Mimi nilishika simu, na dhambi ya kushika simu ninayo." Akatoa simu yake kwenye aproni, akaiweka kando ya sahani yangu. "Sikufuta."

"Nilikwambia ufute!"

"Uliniambia. Nilikaa kufuta nikasikia wale watoto. Uliwasikia? Kuna mahali wanasikika, pale wewe unasema zima. Nikashindwa kubonyeza." Akasogeza simu karibu zaidi, ikagusa maharagwe. "Mzee, jengo ni lako, gari ni lako, kila siku tunasikia. Hili nalo ni la nani?"

Sikumaliza chakula. Nilikwenda Embu asubuhi iliyofuata, kwa hiyo hesabuni, mjomba alilala seli mara tatu. Nilimkuta yule askari mwanamke. Nikamwonyesha yote, tangu mwanzo: mlango wa bondeni acha, huo ni wake. Mwiko. Kicheko mahali pake. Jiwe. Panga. Zile sauti. Alitazama bila kupepesa, kisha akanitazama viatu.

"Nilikuwa nakungoja," akasema. "Mbona hukusema siku ile?"

"Niliogopa."

"Mtu mwenye buti kama hizo?"

Askari wengine wakacheka. Nikacheka nao kidogo, ni mazoea, kisha nikaacha.

Nilishtakiwa, nikakiri, nikalipa nilichoambiwa nilipe, na ukurasa nikaufuta kwa mkono wangu. Hayo yalipita. Kabla hayajapita, siku ile ile, walimtoa mjomba. Nilimngoja langoni. Alitoka bila kamba ya kiatu, ameshikilia suruali. Tukasimama.

"Ile ya mama yako na mwiko," akasema, "wameiona pia?"

"Wameiona."

"Yote?"

"Yote."

"Basi sasa wanajua nilikuwa nacheka nini." Akavuta suruali juu. "Na ndani, walikuwa wangapi?"

Ni yeye wa kwanza kuniuliza. Korti haikuuliza hivyo.

"Wawili."

Akatikisa kichwa. Akakubali nimpeleke kwa gari, kwa sababu ya mguu, na njia yote mpaka Kanja alitazama nje.

Kisha hakunipigia simu. Mimi nilipiga, alikuwa anapokea, tunasalimiana, anauliza watoto, anasema haya. Mahindi yalipandwa yakavunwa. Wale walioniita mfalme wa pori mtandaoni walipata mfalme mwingine ndani ya wiki mbili. Nilimtazama siku moja huyo mwingine, kijana wa mbali, anaziba mashimo. Nilijua angeweka wapi simu kabla hajaiweka. Nilizima.

Mwezi uliopita mjomba akapiga yeye. Kuna shamba la mtu karibu na mto, nungunungu yuko kwenye mihogo, mguu umekataa, kopo na mavi ni mzigo. Je, naweza kumpeleka? Nilifika kabla ya saa aliyoniambia. Nilivaa raba. Nikabeba gunia, nikamfuata kwenye majani mpaka tukaona kingo na ule udongo mpya. Nikaanza kuhesabu milango kwa macho, nikaona mmoja unaotazama mto.

Mjomba akanyoosha mkono. "Weka hapo. Sasa rudi barabarani."

"Mjomba, simu nimeiacha nyumbani. Nipapase."

"Sijauliza simu. Rudi barabarani, ukae kwenye gari."

Nikarudi. Nilikaa kwenye gari, vioo vimefunguliwa. Nilinusa pilipili ikianza. Nilisikia akikohoa. Kutoka pale barabarani huwezi kuona kitu, kuna migomba, kuna ukuta wa vichaka vya lantana. Watu walipita wakanisalimia, wakauliza kama gari limeharibika, nikasema hapana, namngoja mzee. Nilikaa na mikono juu ya magoti. Nilikuwa nimezoea kuonyesha, na hata kuona nilinyimwa, na sikuwa na neno la kulalamika.

Alikuja baada ya muda mrefu, polepole, macho mekundu ya moshi, fimbo mkono mmoja na kopo mkono mwingine. Nikatoka kumpokea. Akanipa kopo, lilikuwa bado moto, akashikilia mlango wa gari kupata pumzi.

"Wametoka," akasema. "Watatu."